Nani Alifungua Betri?

"Mungu wangu!"

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema Taranjit wiki jana, akiwa ameinamia sanduku la betri katika gereji ya baba yake kule Parklands, nasi tukamwacha hapo hapo na tochi mkononi. Wasomaji wawili wameniandikia wakisema mle ndani mna nyoka. Mwingine ameapa ni bunda la dola. Poleni nyote. Kilichokuwa mle ndani kilikuwa kibaya kuliko nyoka, kwa sababu nyoka angeuawa mambo yakaisha.

"Nini?" Veronicah aliuliza. "Umeona nini?"

"Auntie, simama hapo hapo. Usisogee."

"Hii gari nimeinunua na jasho la miaka kumi na moja, na unaniambia nisisogee?"

"Umeme iko hapa ndani inaua mtu, auntie. Haiulizi jasho ya nani."

Veronicah akarudi nyuma hatua moja. Moja tu.

Kama ndio unaanza leo, jua hivi: Veronicah ni msusi wa Kenyatta Market, ana kibanda cha nywele na kucha. Mwezi mmoja uliopita yeye na mumewe, Joash Oyoo, walinunua, kutoka yadi ya magari ya Mbuthia, gari la umeme lililokwisha kutumika Japani. Shabaha yao ilikuwa aende kuwapamba maharusi nyumbani kwao bila kuuliza bei ya petroli, naye Joash, aliyepoteza kazi ya udereva, awe ndiye anayeshika usukani. Walipolinunua, skrini ilionyesha kwamba chaji ikijaa gari litakwenda kilomita mia moja na sitini. Siku ya nne lilikwenda sitini. Siku ya kumi na tisa lilizima katikati ya mlima wa Upper Hill huku likionyesha nusu ya chaji, na magari ya nyuma yakapiga honi mpaka wagonjwa wa hospitali wakachungulia madirishani.

Tangu siku hiyo ilikuwa kurushwa huku na huku kama mpira. Fundi wa kwanza alisema shida ni kompyuta. Mtu wa kompyuta akasema shida ni betri. Kampuni moja yenye viti vya ngozi na maji ya kunywa ya bure ilichukua ada ya kupima, ikakaa na gari siku mbili, kisha kijana mwenye tai akasema gari lilitengenezewa Japani, mashine yao hailitambui.

"Basi mmepima nini?" Veronicah alimuuliza.

"Tumepima kama tunaweza kulipima, madam."

Na betri je? Betri hawafungui. Wanauza sanduku zima, jipya, kwa bei iliyokaribia ile ya gari lenyewe.

Ndiyo maana leo, siku ya thelathini, saa nane na nusu mchana, sanduku lile lilikuwa limeshushwa kutoka chini ya gari na kuwekwa juu ya meza ya chuma ya Mzee Balbir, baba yake Taranjit. Lilikuwa refu na pana kama godoro. Nyuma ya Taranjit alisimama Joash, ameshika gongo refu la mbao lenye ndoana.

"Wewe simama hapa," Mzee Balbir alikuwa amemwagiza. "Msichana yangu akishikwa na umeme, hapana shika yeye na mkono. Vuta yeye na hii mti. Sawa?"

Kazi ya Joash ilikuwa kusimama tu. Hata hivyo, kati ya wote waliokuwa mle gerejini, ni yeye aliyekuwa akitokwa na jasho zaidi.

Taranjit alizima tochi. Msichana huyu aliacha kazi ya ofisini akarudi kuvaa ovaroli, na majirani bado wanamsema. Alivua glovu zake nene za mpira, akageuka.

"Mtu amefika hapa kabla yetu," alisema.

"Mtu gani?"

"Mtu ameifungua hii betri, akaifunga tena. Ona hii gundi. Ya kiwandani ni nyeusi. Hii ni ya kijivu, ile ya kuzibia sinki ya jikoni."

Mzee Balbir alisogea, akavaa miwani, akaangalia. Alitoa sauti kama mtu aliyeonja chai iliyowekwa chumvi.

"Hii fundi alikuwa na haraka," alisema. "Haraka na woga."

"Lakini gundi si shida," Taranjit aliendelea. "Shida ni hizi. Hapa kuna vipande arobaini na nane. Vyote vinafaa kuwa ndugu, viwe vimetoka gari moja. Hivi nane ni vya gari ingine, mzee kabisa. Ona namba zake."

Veronicah alikuwa na kichana mkononi tangu asubuhi, maana alimwacha mteja na nusu kichwa. Alikichomeka kwenye nywele zake. Ana tabia hiyo. Mteja akianza kusimulia jambo zito, Veronicah huacha kusuka, huchomeka kichana kichwani, husikiliza.

"Nieleze kama mtu hajui umeme," alisema.

Taranjit alifikiri. "Umewahi kusuka mtu na nywele za pakiti mbili, moja mpya, ingine ya mtumba?"

"Sijawahi. Lakini nimeletewa vichwa vya hivyo nifumue."

"Inakuwaje?"

"Zile mbovu zinakatika kwanza, zinafungua na zile nzuri. Mteja anaonekana kama amepigana."

"Basi hiyo ndiyo betri yako, auntie. Hivi vipande nane vikichoka, gari yote inazima, hata kama hivi vingine arobaini bado viko na nguvu."

Veronicah alilitazama lile gari. "Kwa hivyo gari si mbovu."

"Gari iko sawa. Nikipata vipande nane vizuri, nitaibadilisha kwa siku mbili, na itakupeleka miaka. Lakini nitavipata wapi? Wenye kuuza wanataka ununue sanduku yote. Wanafurahi kama hakuna mtu anaweza kufungua."

"Mimi natengeneza injini ya lori ya elfu moja mia tisa sabini na nne mpaka leo," Mzee Balbir alisema kwa hasira, kana kwamba Veronicah ndiye aliyelitengeneza gari. "Spea hakuna, mimi nachonga. Lakini hii? Hii wanafunga na gundi, wanafunga na kompyuta, halafu wanasema nunua ingine. Kwa nini wanaogopa spana?"

Hapo ndipo Joash aliposema neno lake la kwanza tangu saa saba.

"Vero, si tutafute tu hivyo vipande? Hata kama ni miezi. Tuachane na Mbuthia."

Veronicah alimtazama mumewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Tuachane naye? Leo? Joash, leo ni siku ya thelathini!"

Msomaji, kumbuka ile karatasi. Siku ya kununua gari, Joash alitaka wapeane mikono na Mbuthia, mwenye yadi, wakaondoke. Veronicah alikataa. Akiwa ameinamisha macho, kwa sauti ndogo, alimwambia Mbuthia: "Andika kwamba betri haijafunguliwa." Joash alisema ni aibu kumwandikisha mtu mzima kama mtoto. Mbuthia alicheka akaandika kwa mkono wake mwenyewe: betri haijawahi kufunguliwa, na ikipatikana imefunguliwa, gari linarudi na pesa zinarudi, ndani ya siku thelathini, mwisho saa kumi na moja jioni. Akaweka sahihi na muhuri.

Sasa ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi.

Veronicah alipiga simu hapo hapo, akaiweka sauti kubwa wote wasikie.

"Bwana Mbuthia, hii betri ilikuwa imefunguliwa kabla utuuzie. Tumeona na macho."

"Mmeona aje, mami?"

"Tumeifungua."

Kisha Mbuthia akacheka taratibu, kicheko cha mtu aliyeokota kitu njiani.

"Si umejijibu? Karatasi inasema betri ikipatikana imefunguliwa. Sasa nani ameifungua? Ni wewe. Na umenipigia mwenyewe kuniambia. Asante sana, hii simu yangu inarekodi."

"Lakini ningejuaje bila kufungua?"

"Hiyo ongea na Mungu. Mimi niliuza betri imefungwa, wewe umenipigia ukiwa na betri imefunguliwa. Siku njema."

Simu ikakatwa.

Veronicah alihisi machozi yakija, na hasira ikayazuia njiani. Usipofungua, huna ushahidi. Ukifungua, umekuwa mshtakiwa! Hivi mtu aliyetunga ujanja huu alilipwa?

"Auntie," Taranjit akasema polepole. "Mimi sigusi kitu kabla ya kupiga picha. Njoo uone."

Alimwonyesha simu yake. Picha ilipigwa saa sita na robo, kifuniko kikiwa bado kimefungwa. Juu ya kila bolti kulikuwa na kimstari cheusi cheusi chenye wekundu ndani yake, kilichoanzia kwenye kichwa cha bolti kikateremka mpaka kwenye chuma cha kifuniko.

"Hii ni nini? Damu?"

"Ni alama ya fundi. Ukikaza bolti, unapaka rangi kidogo hivyo. Siku ingine ukikuta mstari umekatika, unajua bolti imelegea ama mtu ameigusa. Hapa, kabla niguse, hakuna mstari ulikatika hata moja. Na rangi ya kiwandani huwa nyeupe. Kwa hivyo huyu ni fundi wa hapa, na aliifunga kabla yangu."

"Hiyo inatosha!" Veronicah aliruka. "Twende!"

Kifuniko kilipakiwa kwenye pikapu kuukuu ya Mzee Balbir. Veronicah alichukua bolti moja, akaifumbata kiganjani, kama mtu anayeshika nauli asiipoteze. Kabla ya kupanda alimpigia Jackton, mdogo wake Joash. Jackton ni fundi wa umeme wa nyumba, na ndiye aliyewaambia habari za gari hili mara ya kwanza. Siku ya kununua alikuwepo. Mwanamke akienda kubishana na mwenye yadi anataka shahidi.

"Shemeji, tukutane kwa Mbuthia, Ngong Road. Unisaidie kuongea. Tumefungua betri."

"Mmefanya nini?"

"Tumefungua."

Nyundo iliyokuwa ikigonga upande wa Jackton iliacha kugonga.

"Shem, si niliwaambia msifungue?" alisema. "Nani amewaambia mfungue?"

"Utakuja ama hutakuja?"

"Nakuja," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayekwenda kusaidia.

Wangefika kwa dakika arobaini kama Nairobi ingekuwa mji wa watu wenye huruma. Westlands ilikuwa imekwama. Taranjit, aliyeshika usukani, alikatiza Lavington, akakuta barabara imechimbwa. Saa kumi. Saa kumi na robo. Joash alikaa katikati yao akitazama mbele kama picha ya kitambulisho. Veronicah hakuwa na la kufanya ila kuisugua ile bolti kwa kidole gumba, anavyosugua kucha ya mteja kabla ya kupaka rangi. Aliisugua Lavington yote. Aliisugua Kilimani yote.

"Joash, unaumwa?"

"Hapana."

"Mbona hivyo?"

"Joto."

Saa kumi na dakika arobaini waliingia yadi ya Mbuthia. Magari yalipangwa safu kwa safu, yote yakiwa yameoshwa na kung'arishwa matairi. Mlinzi wa lango, mzee mmoja anayeitwa Dedan, aliinua kizuizi, akamwona Joash dirishani, uso ukamfunguka.

"Oyoo! Umepotea sana, wewe! Siku hizi hata chai hunyi na sisi?"

Joash alipunga mkono haraka haraka.

Veronicah alijiuliza. Walikuja hapa mara moja tu, kununua gari. Chai gani hiyo? Lakini saa ilikuwa inakimbia, akaliacha swali langoni.

Mbuthia aliwapokea nje ya ofisi yake, shati la maua, viatu vyeupe, simu mbili. Jackton alikuwa ameshafika, amesimama kando na mikono mifukoni.

"Madam wa betri!" Mbuthia alisema. "Umeniletea sufuria?"

"Ni kifuniko. Na picha."

Taranjit alieleza kila kitu: gundi, vipande nane, mistari isiyokatika, saa sita na robo. Alieleza vizuri. Mtoto mdogo angeelewa. Mbuthia alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akatabasamu.

"Msichana, umesoma. Sasa niambie. Hii gari wamekaa nayo mwezi mzima. Mimi nitajuaje hawakuifungua wiki ya kwanza, wakauza vipande vizuri, wakaweka vibovu, wakapaka hiyo rangi yenu, wakafunga, halafu leo wakakuletea uwapigie picha?"

"Hiyo ni uongo!" Veronicah alipaza sauti. Yeye mwenyewe alishtuka kuisikia.

"Leta ushahidi, mami. Dakika kumi na tano zimebaki."

Veronicah alifungua kiganja chake.

Jua la jioni lilikuwa limeinama upande wa Ngong, likapita katikati ya magari mawili, likaangukia ile bolti. Kule gerejini, chini ya taa nyeupe, alama ile ilikuwa doa tu lenye vumbi na grisi. Sasa, baada ya kusuguliwa njia nzima, ilikuwa safi. Ilikuwa rangi ya damu ya mzee. Na ndani yake kulikuwa na vichembe vya dhahabu, vidogo kama unga, vikimetameta.

Veronicah aliisogeza karibu na macho.

Hiyo haikuwa rangi ya fundi. Ilikuwa rangi ya kucha.

Aliikwaruza kwa ukucha wake. Haikubanduka. Ilikuwa ile rangi ya jeli, ambayo bila taa yake au jua kali haikauki. Aliujua wekundu ule. Aliijua dhahabu ile. Angeijua hata gizani.

"Hii rangi haiuzwi," alisema.

"Nini?"

"Hii rangi haiuzwi mahali popote Nairobi. Niliichanganya mimi mwenyewe. Kulikuwa na biharusi mmoja wa Parklands, Bhoomi, alikataa rangi zangu zote. Alitaka ifanane na kitambaa cha sari yake. Nilichanganya siku mbili. Nilipata chupa moja, chupa moja peke yake! Na harusi yake ilikuwa mwezi mzima kabla sijaona hii yadi. Picha za kucha zake ziko hapa, na tarehe iko hapa. Ona!"

Alitoa simu yake, akafungua picha. Mikono ya biharusi, hina mpaka kwenye viwiko, na kucha kumi zenye rangi ile ile. Taranjit aliweka bolti kando ya skrini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mbuthia aliangalia bolti, akaangalia picha, akaangalia bolti tena. Kisha, msomaji, alipiga makofi.

"Watu wa yadi, njooni mnisikie! Mwizi amejileta! Mama anasema rangi ni yake. Ameichanganya mwenyewe, chupa iko peke yake. Sasa nani alifungua betri? Mwenye rangi! Dedan, njoo uwe shahidi!"

Kila mlango aliosukuma Veronicah leo ulirudi ukamgonga usoni. Alipokosa ushahidi alikuwa mwongo. Alipoupata, akawa mwizi.

"Chupa sikuwa nayo!" alilia. "Niliipeana! Wiki moja baada ya harusi, niliipeana!"

"Kwa nani?"

Alifungua mdomo. Ndipo akakumbuka, na alipokumbuka alitamani asingekumbuka.

Jumapili. Nyumbani. Sahani za chakula zikiwa bado mezani. Sauti iliyosema: shem, si unipatie hiyo rangi imebaki, natafuta kitu cha kuwekea alama kazi zangu. Na yeye akacheka, akasema chukua, haina mwenyewe.

Aligeuka polepole. Jackton hakuwa na mikono mifukoni tena.

"Shemeji," Veronicah alisema. Sauti ilikuwa imerudi kuwa ndogo. "Ile chupa niliyokupa iko wapi?"

"Shem, wacha."

"Iko wapi, Jackton? Ukisema ilikuwa na wewe, hii betri ilifunguliwa kabla tununue, na mimi narudishiwa gari yangu. Ukinyamaza, mimi ndiye mwizi. Chagua."

"Shem, nakuomba, si hapa."

"Hapa! Dakika tano zimebaki! Ulifungua hii betri?"

Jackton alitazama chini. Alitazama lango. Kisha alifanya jambo ambalo Veronicah hakulitarajia. Alimtazama kaka yake.

"Mimi nilishika tochi na kupaka rangi," alisema. "Spana sikushika. Omera, ndugu yangu, utamwambia wewe, ama nimwambie mimi?"

Jasho lilimtiririka Joash mpaka kwenye kola.

Sasa sikia maajabu. Aliyeruka hakuwa Joash. Alikuwa Mbuthia! Kicheko kilimtoka usoni kama taa iliyokatwa umeme. Alikimbilia ofisini, akatoka na faili na kalamu, akaiweka karatasi juu ya boneti la gari lililokuwa karibu.

"Basi, basi, basi!" alisema. "Hatuna haja ya kelele. Nachukua gari. Narudisha pesa yote, yote kabisa. Ona, naweka sahihi. Mami, weka yako hapa chini, tumalizane, kila mtu aende nyumbani kwake. Hakuna haja ya mtu kusema kitu kingine."

"Unachukua gari?" Veronicah aliuliza.

"Nachukua. Sharti ni moja tu. Tunafunga hii maneno hapa hapa. Hakuna swali, hakuna jibu. Weka sahihi."

Taranjit alimgusa mkono. "Auntie, saa kumi na moja kasoro dakika tatu. Hii ndiyo ulikuja kutafuta."

Kweli, ndiyo aliyoijia. Miaka kumi na moja ya kusimama mpaka miguu ikavimba, ya kuvuta moshi wa nyama choma ya majirani sokoni, usio wake, yote ilikuwa pale kwenye mstari mmoja mtupu uliongoja jina lake. Mbuthia alimnyooshea kalamu. Joash, mumewe, kwa mara ya kwanza siku hiyo alimwangalia machoni.

"Vero," alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Weka sahihi. Tafadhali, mama. Weka tu."

Veronicah aliipokea kalamu.

Aliiangalia. Aliangalia karatasi. Halafu akaichomeka kwenye nywele zake, kando ya kile kichana, akakunja mikono.

"Joash," alisema. "Nakusikiliza."